Bunduki ya upepo haitapata jina jema kwa matangazo

Tarehe 30 Julai 2024, Yusuf Dikeç, baba wa miaka 51 kutoka Uturuki, alisimama katika uwanja wa kulenga shabaha wa Châteauroux, kusini ya Paris. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni, na usoni alivaa miwani ya kawaida kama ya mwalimu yeyote. Akainua bastola ya upepo na kulenga duara dogo kwenye umbali wa meta 10. Siku hiyo yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha ya Michezo ya Olimpiki, ya kwanza kwa inchi yao katika mchezo wa kulenga shabaha. Kwa siku chache tu picha yake ilizunguka dunia nzima, simu kwa simu. Watu walicheka, wakaiga mkao wake, wakamsifu kwa utulivu wake.

Wapenzi wa bunduki ya upepo hawajawahi kupata tangazo kubwa kama hilo. Kwa muda mrefu wanalalamika kwamba watu wanawadhania vibaya, kwamba mtu akisema anapenda kulenga shabaha jirani anamtazama kama jambazi, na kwamba mchezo wao unachanganywa na uhalifu. Picha ya baba mwenye mkono mfukoni iliwasaidia kuliko kampeni yoyote ya kulipiwa.

Lakini picha hiyo haikufika mahali pamoja tu. Ilifika pia Goma, Bukavu, Beni, Butembo na Bunia. Huko mtu aliyenyoosha mkono na bastola hachekeshi kila mmoja. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mkaaji wa Goma aliyelala chini ya kitanda pamoja na watoto wake mwezi wa Januari 2025, akisikiliza milio usiku kucha, haulizi kwanza kama bunduki inasukumwa na upepo ao baruti. Anaona bunduki, basi.

Hofu hiyo si ujinga. Na wapenzi wa mchezo huu, wawe Ulaya, Asia ao Afrika, wanakosea wanapoichukua kama ujinga unaohitaji kuelimishwa kwa maneno. Jina la bunduki ya upepo halitasafishwa kwa kueleza watu kwamba wanaogopa bure. Litasafishwa kwa mwenendo wa wale wanaoishika: wapi wanalenga, wanaifungia wapi, nani anaigusa, na wanafanya nini wakati mmoja wao anapovunja kanuni.

Chombo chenyewe

Bunduki ya upepo haitumii baruti. Ndani yake kuna hewa iliyobanwa, ama kwa springi na pistoni, ama kwa chupa ndogo iliyojazwa mapema. Mtu akivuta kifyatulio, hewa hiyo inatoka kwa nguvu na kusukuma kidonge kidogo cha madini ya risasi, chenye kiuno chembamba na uzito wa karibu nusu gramu. Kwenye mashindano ya kimataifa ya meta 10, kidonge hicho kina upana wa milimita 4.5.

Nguvu yake inaweza kulinganishwa. Huko Ujerumani, bunduki za upepo ambazo mtu mzima anaweza kununua bila leseni zina mpaka wa jouli 7.5. Risasi ya bastola ya kawaida ya milimita 9 ina karibu jouli 500, na ile ya Kalashnikov karibu jouli 2,000. Kwa hiyo wapenzi wana haki wanaposema kwamba chombo chao hakifanani na silaha ambazo wakaaji wa mashariki ya Congo wanazijua. Hakiwezi kubomoa ukuta, hakiwezi kuvuka bonde.

Tatizo linaanza pale wanaposema kwamba ni kitu cha kuchezea. Hapo si kweli. Jouli chache zinatosha kumpofusha mtu jicho. Zikimpata mtoto mdogo kichwani, zinaweza kumuua. Historia yenyewe haidanganyi: mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyotengenezwa na Girardoni, na askari waliibeba vitani. Chombo hiki kimewahi kuwa silaha. Kama leo ni kifaa cha michezo, ni kwa sababu watu walikipunguzia nguvu, wakakitengea mahali, wakakiwekea kanuni. Kanuni hizo zikiondolewa, kinarudi kilikotoka.

Mtu anayetaka kuaminiwa na jirani yake aanze kwa kusema ukweli huo mwenyewe. Anayesema "ni hatari, na hivi ndivyo tunavyoizuia hatari" anasikilizwa. Anayesema "hakuna hatari" anasikilizwa mpaka siku ya ajali ya kwanza.

Somo la Glasgow

Uskoti ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka wa 2005, katika mji wa Glasgow, mtoto wa miaka miwili alipigwa kichwani na kidonge cha bunduki ya upepo karibu na nyumba yao. Alikufa siku chache baadaye. Aliyefyatua alihukumiwa kwa kosa la kuua. Wazazi wa mtoto hawakunyamaza. Kwa miaka waliomba serikali iweke sheria kali zaidi.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2015, Bunge la Uskoti lilipitisha sheria mpya. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, mtu yeyote huko anayetaka kuwa na bunduki ya upepo anapashwa kuwa na cheti cha polisi, isipokuwa zile dhaifu sana. Kabla ya tarehe hiyo watu walirudisha maelfu ya bunduki kwa polisi, nyingi zikiwa zimesahauliwa kwenye kabati na kwenye vibanda vya bustani.

Wapenzi wengi wa mchezo walikasirika. Walisema kosa la mtu mmoja limebebeshwa watu wote, kwamba mwenye klabu, mwenye adabu, anayelenga karatasi kila Jumamosi, anaadhibiwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa mwanamichezo hata siku moja. Malalamiko hayo yana sehemu ya haki. Lakini yanasahau jambo moja. Katika miaka hiyo kumi, sauti iliyosikika na kila mkaaji wa Uskoti ilikuwa ya baba na mama waliopoteza mtoto. Kama wenye klabu wangesimama mapema kando ya wazazi hao, wakasema "bunduki hizi zisiachwe ovyo, na sisi ndio wa kwanza kutaka hivyo", watu wangewaona upande wa mtoto. Walipopinga cheti, wengi waliwaona upande wa bunduki.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo inaonekana kama dhuluma kwa samaki wazima, lakini ndivyo soko linavyofanya kazi, na ndivyo jina la mchezo linavyofanya kazi pia. Mchezo wa kandanda unaweza kubeba wahuni mia na bado ukapendwa, kwa sababu mpira wenyewe haumtishi mtu. Mchezo wa bunduki hauna akiba kama hiyo. Mtu mmoja anayepiga paka wa jirani kutoka dirishani anaharibu kazi ya klabu nzima ya miaka ishirini.

Kule Uingereza na Wales, ambako cheti hakitakiwi kwa bunduki zenye nguvu ndogo, sheria bado inambana mwenye nayo kwa mambo mengine. Muuzaji hauzi kwa mtu aliye chini ya miaka 18, na muuzaji wa kazi anapashwa kuonana na mnunuzi uso kwa uso. Mwenye bunduki anapashwa kuchukua hatua za kutosha ili mtoto asiifikie. Na ni kosa kupiga kidonge kikavuka mpaka wa uwanja unaoruhusiwa. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha yote: kile unachofyatua kisitoke mahali pako.

Ndani ya ukumbi

Mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye ukumbi wa mashindano anadhani atakuta kelele na vurugu. Anakuta kimya. Wachezaji wamepangwa kwenye mstari mmoja, kila mmoja na shabaha yake mbele, ukuta nyuma ya shabaha, na hakuna mtu anayevuka mstari. Bunduki inapowekwa chini, uzi ao kibendera cha rangi kali kinaingizwa ndani yake ili kila mtu aone kwa macho kwamba haina kitu. Kibendera hicho hakitolewi mpaka msimamizi aruhusu. Hakuna anayejaza kidonge kabla ya amri. Amri ya kusimama ikitoka, wote wanasimama palepale, hata yule aliyebakiza sekunde moja ili apige vizuri.

Shabaha yenyewe inamshusha mtu kiburi. Kwa bunduki ndefu ya meta 10, alama ya kumi katikati ina upana wa nusu milimita, sawa na nukta ya kalamu. Kuipata kunahitaji kutawala pumzi, kusubiri moyo utulie, na kuvuta kifyatulio polepole bila kutikisika. Mchezaji anarudia hivyo mara 60 kabla ya kujua kama ataingia fainali. Mwenye hasira hashindi. Mlevi hashindi. Mwenye haraka hashindi. Wanaume na wanawake wanapiga idadi ileile ya vidonge, kwa umbali uleule, na kuna mashindano ambapo mwanamume na mwanamke wanashirikiana kama timu, kama Dikeç na Tarhan.

Hayo ndiyo mambo ambayo umma haujui, na ndiyo yanayostahili kuonyeshwa. Wahenga walisema pia, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Klabu ambayo inafungua mlango siku moja kwa mwezi, ikawaita wazazi, walimu na viongozi wa mtaa wakae nyuma ya mstari na kutazama, haihitaji kulipa tangazo lolote. Mzazi akiona mtoto wa miaka 14 anaweka bunduki chini mara moja kwa neno moja la msimamizi, ataelewa mwenyewe kinachofundishwa pale. Pengine atatamani mtoto wake atii hivyo nyumbani.

Huko Ujerumani, klabu za kulenga shabaha zimeishi kwa karne nyingi katika vijiji na miji, zikiwa sehemu ya sikukuu za mahali, na bendi na maandamano. Mtoto anaweza kuanza bunduki ya upepo akiwa na miaka 12, kwa ruhusa ya wazazi na chini ya macho ya msimamizi. Wadogo zaidi wanapewa bunduki za mwanga, ambazo hazitoi kidonge chochote. Kwa hiyo jirani hawezi kusema hajui kinachoendelea nyuma ya ukuta wa klabu. Mjomba wake yumo, dada yake yumo, na yeye mwenyewe amekula nyama ya kuchoma kwenye uwanja wao. Mchezo uliojificha unazaa uvumi. Mchezo unaoonekana unazoeleka.

Walichofanya Wahindi

Mfano mwingine unatoka India. Mwaka wa 2008 huko Beijing, Abhinav Bindra alishinda medali ya dhahabu ya bunduki ya upepo ya meta 10. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mhindi mmoja peke yake, katika inchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Toka siku hiyo, kwa Wahindi wengi, maneno "bunduki ya upepo" yalianza kumaanisha kijana mtulivu mwenye miwani aliyefanya wimbo wa taifa uimbwe.

Mwaka wa 2012, msichana wa India aitwaye Avani Lekhara alipata ajali ya gari iliyomuumiza uti wa mgongo. Alibaki kwenye kiti cha magurudumu. Alisoma kitabu ambacho Bindra alieleza maisha yake, akavutiwa na mchezo huo. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021, alishinda dhahabu ya bunduki ya upepo ya meta 10, akawa mwanamke wa kwanza wa India kupata dhahabu ya Paralimpiki. Huko Paris mwaka wa 2024 alishinda tena.

Katika mwaka huohuo wa 2024, Manu Bhaker, mwenye miaka 22, alipata medali mbili za shaba kwa bastola ya upepo, moja peke yake na nyingine pamoja na Sarabjot Singh. Hakuna Mhindi aliyekuwa amepata medali mbili katika Michezo mimoja tangu inchi hiyo ipate uhuru.

Watu hao hawakuzunguka wakisema bunduki zao hazina madhara. Walifanya kazi iliyoonekana, kwa kanuni, mbele ya waamuzi, na umma ukatoa hukumu wenyewe. Hadithi ya Lekhara ina uzito wa pekee. Mchezo ambao mtu asiyeweza kutembea anaweza kufikia kilele cha dunia si mchezo wa wababe. Ni mchezo wa mtu aliyejifunza kutulia.

Mambo ya kuacha

Kama hivyo ndivyo jina jema linavyokuja, basi kuna mambo ambayo wapenzi wa bunduki ya upepo wanapashwa kuyaacha wenyewe, bila kungoja sheria.

La kwanza ni kununua bastola za upepo zilizotengenezwa zifanane kabisa na silaha za vita. Bastola ya mashindano inaonekana kama chombo cha fundi: ina mpini wa mbao uliochongwa kwa kiganja cha mtu, na silinda ya hewa chini ya mtutu. Hakuna anayeichanganya na bastola ya askari. Lakini madukani kuna zingine zenye sura ileile ya bastola ya polisi, hata uzito uleule. Askari anayekutana na kijana mwenye kitu kama hicho gizani hana muda wa kuuliza kama ni upepo. Na mwizi anayeingia nacho nyumbani kwa mtu hahitaji kufyatua. Sura inatosha kumfanya mama mwenye nyumba atoe kila kitu. Mwanamichezo wa kweli hahitaji sura hiyo, kwa hiyo hana sababu ya kuitetea.

La pili ni picha. Mtu aliyevaa nguo za jeshi, amepaka uso rangi, anashika bunduki ya upepo na kuitangaza kwa marafiki kama komando, kisha analalamika kwamba watu wanamwogopa. Anavuna alichopanda. Hata katika mchezo wa uwanja wazi uliozaliwa Uingereza karibu na mwaka wa 1980, ambapo washindani wanalenga vibao vya chuma vyenye sura ya sungura ao ndege, mgeni anayetazama anaona mnyama anayeanguka. Duara lingefanya kazi ileile bila kumkwaza mtu.

La tatu ni wanyama. Katika mashamba ya Uingereza kuna watu wanaotumia bunduki ya upepo kupunguza panya na sungura kwa ruhusa ya mwenye shamba, na sheria inawakubalia kwa masharti. Lakini shirika la kulinda wanyama la RSPCA limekuwa likitangaza visa vya paka waliopigwa vidonge, wengine wakipoteza jicho ao mguu. Kila paka kama huyo ana mwenyewe, na mwenyewe ana majirani, na wote wanajua chombo gani kilifanya hivyo. Klabu inayojua mwanachama wake anapiga ndege na paka kwa kujifurahisha inapashwa kumfukuza siku hiyohiyo, na kusema hadharani kwamba imemfukuza.

La nne ni madini yenyewe. Vidonge vingi ni vya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kuosha mikono baada ya mchezo, kukusanya vidonge vilivyotumika, kutokula chakula kwenye mstari wa kulenga: hayo si mambo ya kutajwa kwa sauti ndogo. Jirani mwenye kisima karibu na uwanja ana haki ya kuuliza vidonge vinaishia wapi, na ana haki ya kujibiwa.

Wengine watasema hayo yote ni mzigo mkubwa kwa mtu anayetaka tu kujifurahisha. Watasema magari yanaua watu wengi zaidi, na hakuna anayemtazama dereva vibaya. Ni kweli magari yanaua. Ndiyo maana dereva ana leseni, gari lina namba, barabara ina polisi, na mlevi anayeshika usukani anaitwa mlevi na madereva wenzake. Wapenzi wa bunduki ya upepo wakitaka kuheshimiwa kama madereva, wakubali kubanwa kama madereva.

Na mashariki ya Congo?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini habari hii iandikwe kwa wasomaji wa Kivu na Ituri. Inchi inaomba vijana waweke silaha chini. Tangu mwaka wa 2021 kuna mpango wa serikali wa P-DDRCS kwa ajili ya kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika maisha ya raia. Je, ni wakati wa kuzungumza juu ya mchezo wa bunduki?

Swali hilo ni la haki, na jibu si kuharakisha. Hakuna sababu ya kuleta leo bunduki za upepo katika kartie ambako mtoto bado anajificha akisikia mlango umegongwa kwa nguvu. Anayefikiria kununua moja ili aitumie uani ajue kwamba sheria ya mwaka wa 1985 juu ya silaha na risasi haikuacha mambo hayo mikononi mwa kila mtu. Kwanza aulize kwa viongozi wenye mamlaka, tena aulize kabla ya kutoa fedha zake.

Lakini kuna njia isiyo na kidonge. Katika mchezo wa pentatloni ya kisasa, ambao zamani ulitumia bastola za upepo, wachezaji sasa wanatumia bastola za mwanga wa leza. Ndizo zilizotumika katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012. Hakuna kinachotoka isipokuwa mwanga, na shabaha inahesabu alama yenyewe. Kutawala pumzi, kutii amri, kusubiri, kukubali kwamba kosa ni lako wala si la mwenzako: yote hayo yanafundishwa bila risasi hata moja. Siku ambayo mashariki itakuwa na utulivu, shule ao kituo cha walemavu kinachotaka kuanzisha mchezo wa kulenga shabaha kinaweza kuanzia hapo. Wako watu wengi katika Kivu waliopoteza mguu kwa sababu ya vita. Kuwaambia kwamba kuna msichana wa kiti cha magurudumu aliyefika kilele cha dunia kwa utulivu wa mkono wake si jambo dogo.

Yeyote atakayeanzisha kitu kama hicho atakuwa na kazi ngumu kuliko mwenzake wa Glasgow ao wa Munich. Atapashwa kuzungumza na mkubwa wa kartie kabla ya kupaka rangi ukuta. Atapashwa kuwaita akina mama wa avenyu waingie, watazame, waulize. Atapashwa kukubali kwamba wengine watasema hapana, na kwamba wana sababu zao. Hatakuwa na haki ya kuwaambia watu waliozika ndugu zao kwamba wanaogopa bure.

Kwa sababu mwisho wa yote, swali la jirani ni moja, na ni lilelile Châteauroux, Glasgow na Goma. Haulizi kidonge kina jouli ngapi. Haulizi ni medali ngapi zilizopatikana. Anauliza kama mtoto wake, akirudi kutoka masomo saa saba za mchana, anaweza kupita nyuma ya ukuta ule bila kudhurika. Klabu inayoweza kumchukua kwa mkono, ikamzungusha ukuta wote, ikamwonyesha kabati lenye kufuli na mwenye ufunguo wake, itakuwa imejibu. Isiyoweza kufanya hivyo isilalamike juu ya jina lake.